Tunaogopa E211, Tunakunywa Sukari

Kwenye gym nyingi za mijini kuna onyo linalorudiwa kila siku: soda na vinywaji vya wanamichezo vimetiwa kemikali ya kuhifadhia, basi ni sumu, heri juisi ya kukamua pale nje. Nia ni njema, ila onyo linatupeleka kusiko.

Kemikali yenyewe mara nyingi ni sodiamu benzoeti, ile E211 ya maandishi madogo kwenye lebo. Kazi yake ni kuzuia hamira na ukungu katika kinywaji chenye uchachu. Mwilini haikai: ini huiunganisha na glisini, figo zikaitoa kwa mkojo.

Tupige hesabu. Wataalamu wa Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mwenye kilo 60 ana nafasi ya miligramu 300. Sheria ya huko hairuhusu zaidi ya miligramu 150 kwa lita ya soda, kwa hiyo atafika kikomo akimaliza chupa nne za nusu lita. Lakini nusu lita ya kola ina sukari gramu 53 hivi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku. Chupa ya kwanza tu imeshavuka! Mtoto wa kilo 15 ni habari nyingine: chupa moja inaweza kumfikisha ukomo wa vyote viwili, na hapo naungana na wanaoonya. Asipewe.

Hofu moja ina msingi. Benzoeti ikikaa pamoja na vitamini C, kisha joto na mwanga vikaingia, huweza kuzaa benzini, inayosababisha saratani ya damu. Mwaka 2006 Marekani ilikuta baadhi ya vinywaji vimezidi kiwango kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa, na watengenezaji wakabadilisha michanganyiko. Kwa hiyo kreti zilizoanikwa juani mbele ya duka zinanisumbua kuliko E211 yenyewe. Omba chupa iliyokaa kivulini.

Poda ya protini ya hapo gym nayo haihitaji kihifadhi: ni kavu, vijidudu havizaliani humo. Sifa ya "haina kihifadhi" isikuongezee bei.

Na juisi ya miwa ya kando ya barabara, iliyopozwa kwa barafu ya maji yasiyochemshwa, haina kemikali yoyote ya kuzuia kipindupindu wala homa ya matumbo. Muulize muuzaji barafu ameitoa wapi.