Mji Uishio kwa Wageni

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Februari 2012, yapata saa saba, kimbunga kilipita katika mji wa Branson, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Hakikuwa kimbunga cha baharini chenye kuvuma kutwa kucha. Kilikuwa tornado, yaani nguzo ya upepo izungukayo kwa kasi chini ya wingu la radi, ambayo hupita mahali pamoja kwa dakika chache tu. Kiliifuata barabara ya 76, na barabara hiyo ndiyo mkate wa mji: huko ndiko yaliko majumba ya muziki, hoteli na mikahawa. Mapaa yaliezuliwa na vioo vya hoteli vikamwagika. Watu zaidi ya 30 walijeruhiwa. Mjini humo hakufa mtu.

Kwa hesabu ya mwaka 2010 Branson ilikuwa na wakazi wapatao 10,500, lakini hupokea wageni kwa mamilioni kila mwaka, wengi wao wazee na familia zinazokuja kwa magari na mabasi. Februari ni mwezi wa baridi, wageni ni haba na majumba mengi hufungwa. Hiyo ndiyo iliyookoa roho za watu. Hata hivyo, mwezi huo huo ndio ambao nyumba za wafanyakazi huwa hazina kitu. Wapishi, wahudumu na watandika vitanda wengi hupunguzwa kazini wakati wa baridi, wakaishi kwa akiba na madeni hadi msimu uanze. Wako hata wanaopanga vyumba vya hoteli duni kwa malipo ya wiki, kwa kuwa hawana fedha za kutanguliza ili wapewe nyumba. Upepo ulikuja wiki chache tu kabla ya mishahara kurudi.

Hatari nyingine ilitoka katika habari. Tarehe 22 Mei 2011, kimbunga kikubwa zaidi kilikuwa kimeuangamiza sehemu kubwa ya mji wa Joplin, katika jimbo hilo hilo, na kuua watu zaidi ya 150. Aliyesikia tena neno Missouri na neno kimbunga alidhani Branson nayo imekwisha, akaahirisha safari. Kwa hiyo, wakati vifusi vingali vinazolewa, viongozi walihimiza ujumbe kwamba mji u wazi. Meya wakati huo alikuwa Bibi Raeanne Presley, wa ukoo uliofungua jumba la kwanza la muziki katika barabara ya 76 mwaka 1967.

Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwa sababu majumba mengi yalikuwa mazima au yangetengenezeka upesi, na mengi yalipokea watazamaji majira ya machipuko. Mengine yalihitaji miezi. Hapo ndipo hesabu ya mwenye mali na ya mfanyakazi zinapoachana. Bima ya jengo hununua paa na vioo. Haimlipi mtandika vitanda ambaye hoteli yake imechelewa kufunguliwa. Yeye kodi ya chumba hudaiwa kila wiki, msimu uwe umeanza au la.