Mkate wa Kumimina kama Zana ya Kufundishia

Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, kazi za mikono zimekuwa na heshima yake katika shule zetu za msingi. Hata hivyo, kazi na somo si kitu kimoja. Mtoto aweza kubeba kuni na maji mwaka mzima asijifunze lolote ambalo hakulijua nyumbani. Maoni yetu ni kwamba kasoro haimo katika kazi, bali katika mwalimu asiyeuliza swali kabla ya kazi kuanza.

Tuchukue mfano wa kupika mkate wa kumimina katika shule ya msingi huko Kinole, milimani Uluguru. Asili ya mkate huu ni pwani, lakini iliki inayoutia harufu hustawi katika milima hii hii. Mchele huroweshwa usiku kucha, husagwa pamoja na tui, hutiwa sukari, iliki na hamira, kisha rojo huachwa mahali penye joto hadi liumuke. Humiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kuinjikwa mafigani juu ya moto mdogo; kifuniko nacho hupaliwa makaa, ili mkate uive chini na juu.

Mwanachuo asiyejiandaa atawaambia wasichana wapike, wavulana walete kuni, naye angojee kuonja. Hicho ni kibarua, tena chenye ubaguzi. Aliyejiandaa atayachanganya makundi na kuuliza: kwa nini makaa huwekwa juu? Majibu ya watoto yaandikwe ubaoni, kisha mkate wenyewe utoe hukumu. Kundi moja lipike kwa moto wa chini peke yake, jingine kwa moto wa chini na wa juu, halafu walinganishe.

Hamira nayo ijaribiwe katika vikombe viwili vyenye sukari sawa: kimoja kitiwe maji ya vuguvugu, kingine maji yanayochemka. Cha kwanza kitatoa povu, cha pili kitatulia. Kwani hamira ni viumbe hai vinavyokula sukari na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na maji yanayochemka huviua. Madarasa ya juu yaulizwe kwa nini unga wa ngano hukandwa, ilhali rojo la mchele humiminwa. Ngano ina gluteni, ambayo huvutika na kuishika hewa, mchele hauna. Hesabu pia imo: ikiwa vikombe 2 vya mchele huwatosha watoto 8, watoto 56 watahitaji vikombe vingapi?

Wapo watakaosema kwamba moto ni hatari na kuni ni haba. Hoja zote mbili ni za kweli. Basi moto uwashwe nje, mbali na moshi wa chumbani, na makaa yashikwe na mtu mzima. Kuni zipimwe kwa mizani, kisha zilinganishwe na zile zinazotumiwa na jiko banifu kwa mkate wa kiasi kile kile. Misitu ya Uluguru hulisha mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam; mtoto wa Kinole anastahili kuijua thamani ya mzigo wa kuni kwa tarakimu.

Jambo la mwisho ni adabu ya mwalimu. Ni vema aalikwe bibi wa kijijini aliye hodari wa upishi huu. Mwalimu amwamkie, aketi pamoja na watoto, wala asimsahihishe mbele yao. Amwulize: "Bibi, wajuaje kwamba rojo limeumuka?" Jibu lake, liwe la jicho, la pua au la kidole, ndilo lianzishe uchunguzi wa darasa. Hapo mtoto ataona kwamba ujuzi wa nyumbani kwao ni elimu.

Na mkate ukiungua, usifichwe. Uwekwe mezani, watoto waseme kwa nini umeungua.