Mvua, ramli na mapanga

Kila takwimu za uhalifu zinapotolewa, mikoa hupangwa kama timu kwenye msimamo wa ligi. Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, huwekwa ubavuni mwa Katavi. Tarime na Rorya, wilaya mbili za Mkoa wa Mara zilizopewa kanda yao ya kipolisi, hupata mstari wao sawa na mikoa mizima. Msomaji mwenye haraka hutupa jicho, hutaja kabila, na mjadala unaishia hapo.

Toleo hili linapinga hitimisho hilo, na limeamua kulipingia mahali pagumu kuliko pote: Usukuma.

Tofauti ya kimkoa ipo, tena ni kubwa. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alionyesha kuwa kati ya 1970 na 1984 Tanzania Bara ilikuwa na matukio 3,333 ya ukatili yaliyohusishwa na uchawi. Zaidi ya nusu ya waliouawa walikuwa wa mikoa ya Usukuma, Mwanza na Shinyanga ya wakati ule, na wanawake waliuawa wengi kuliko wanaume. Mesaki hakuishia kwenye imani. Aliitazama pia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowakusanya watu waliozoea kuishi mbalimbali, kila kaya na mashamba na malisho yake, ikawabananisha pamoja na ugomvi wao.

Mwathirika anajulikana: bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho hayo ameyapata jikoni, mbele ya mafiga, akipikia samadi kavu na mabua ya pamba kwa sababu miti imekwisha. Moshi wa miaka arobaini unageuzwa ushahidi wa uchawi, na mtoto wa jirani akifa kwa homa, mpiga ramli hana kazi ngumu ya kumtafuta mchawi.

Lakini kwa nini mwaka huu wauawe wengi na mwaka ule wachache? Mwaka 2005 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake wa vijiji vya Wilaya ya Meatu. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka takriban maradufu, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakupanda hivyo. Waliouawa kwa tuhuma za uchawi karibu wote walikuwa wanawake wazee wa kaya maskini, na mara nyingi wauaji walikuwa ndugu zao. Watu ni wale wale na imani ni ile ile. Kilichobadilika ni mvua, na pamoja nayo chakula ghalani.

Njaa haielezi kila panga. Wapo wazee wanaouawa kwa sababu ya shamba la urithi, na wakata mapanga, yaani wauaji wa kukodiwa, hulipwa. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, mengi yakiwa ya Kanda ya Ziwa, yana soko lake la viungo, na ndiyo yaliyoifanya serikali ipige marufuku wapiga ramli Januari 2015. Kila aina ya mauaji ina mzizi wake, na jedwali la mkoa huyachanganya yote kwenye tarakimu moja. Isitoshe, mipaka yenyewe huhama. Meatu iliyokuwa Shinyanga wakati wa utafiti wa Miguel iko Simiyu tangu 2012, kwa hiyo anayelinganisha Shinyanga ya zamani na ya leo analinganisha maeneo mawili tofauti.

Ndiyo maana jarida hili linadai takwimu za mauaji zitolewe kwa wilaya, kwa kila watu 100,000, zikiwa na chanzo cha mauaji, umri na jinsia ya waliouawa. Na linadai zaidi ya takwimu. Miguel mwenyewe alipendekeza pensheni ya wazee, ili bibi awe mtu anayeleta kitu nyumbani hata mwaka wa njaa. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016 kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 70, ikianzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara haijawapa wazee wake wote haki hiyo. Wabunge wa Kanda ya Ziwa wana kila sababu ya kuwa wa kwanza kuidai, na hesabu za gharama zianzie Meatu.