Mnada wa Masafa: Kanuni Kwanza, Fedha Baadaye

Neno mnada huwajia wengi na picha ya sokoni: mnadi apaza sauti, wanunuzi wapandishiana bei, na wa mwisho kutaja aondoka na bidhaa. Kwa mbuzi, utaratibu huo watosha. Masafa ya redio yanayobeba mawasiliano ya simu za mkononi ni mali ya umma iliyo na kikomo, na kampuni mbili haziwezi kuyatumia mahali pamoja bila kuvurugana. Anayeyauza hana budi kutunga kanuni kabla ya kutafuta wanunuzi.

Mwaka wa 1990, Nyuzilandi ilinadi masafa kwa kanuni kwamba mshindi alipe bei iliyotajwa na aliyemfuata. Nadharia yenyewe ni safi, kwani humwondolea mzabuni hofu ya kutaja thamani anayoiamini. Hata hivyo, hapakuwekwa kima cha chini cha bei, na wazabuni walikuwa haba. Mmoja aliyetaja dola 100,000 alilipa dola 6.

Nchini Ujerumani, mwaka wa 1999, kasoro ilikuwa nyingine. Kila zabuni mpya ilipaswa kuizidi ya awali kwa angalau asilimia 10. Kampuni ya Mannesmann ikataja maki milioni 18.18 kwa kila megahezi katika nusu ya vitalu, na milioni 20 katika nusu ya pili. Ukiiongezea 18.18 asilimia 10 wapata takriban 20. Mshindani wake akaung'amua ujumbe, akachukua nusu ya kwanza kwa milioni 20, na mnada ukafungwa baada ya mizunguko miwili. Kanuni zenyewe ziligeuka lugha ya kunong'onezana.

Fauka ya hayo, idadi ya leseni huamua nani atathubutu kushindana. Mwaka wa 2000, Uingereza, iliyokuwa na kampuni nne za simu, ilinadi leseni tano, moja ikiwa imetengewa mgeni. Wazabuni 13 walijitokeza, na mnada ukaleta pauni bilioni 22.5. Uholanzi, iliyokuwa na kampuni tano, nayo ilinadi leseni tano. Wageni wengi waliona hakuna nafasi yao, wakajitenga. Uingereza ilipata takriban yuro 650 kwa kila mkazi. Uholanzi ikapata 170.

Yapo madai kwamba bei kubwa ya leseni humwangukia mteja. Madai hayo yana upungufu. Fedha za leseni zikishalipwa hazirudi. Ada anayotozwa mteja hutegemea zaidi ushindani uliopo. Ila kampuni iliyolemewa na madeni yaweza kuchelewa kujenga minara vijijini. Ndiyo maana wajibu wa kuwafikia watu wa pembezoni sharti uandikwe katika leseni, usiachwe kwa hisani ya mshindi.

Wahenga walinena: biashara asubuhi, jioni mahesabu. Katika mnada wa masafa, mahesabu hutangulia biashara. Aidha, Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi kanuni za kugawa masafa na zijadiliwe kwa Kiswahili kabla nyundo haijagonga meza, ili mwananchi aelewe mali yake inauzwaje. Zikishafasiriwa baada ya mnada, hazitamfaa kitu.