Kisu Kinasingiziwa

Msibani hukosi kuyasikia: "Alikuwa anatembea mwenyewe. Wakamkata kinyama kooni, mwezi haukuisha." Waliokaa jamvini wanatikisa vichwa, na hukumu imeshatoka: saratani haitaki kisu, ikiguswa inatapakaa. Ni uongo, tena uongo unaozika watu.

Hesabu ya msibani huanzia siku ya kisu. Kwa nini isianzie siku sauti ilipoanza kukwaruza? Miezi yote ile mgonjwa alikuwa akipewa tangawizi, asali na vidonge vya duka la dawa, na hakuna aliyeilaumu tangawizi.

Saratani inayoanzia kwenye nyuzi za sauti haina haraka ya kutoka, kwa sababu hapo mishipa ya limfu ni michache. Nayo hujitangaza mapema kwa kuharibu sauti. Ikikutwa katika hatua hiyo, mionzi au upasuaji mdogo huponya zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10. Inayoanzia juu ya nyuzi hizo ni ya kimyakimya. Mara nyingi dalili ya kwanza ni uvimbe shingoni. Baadaye chakula kinakwama, maji yanapita njia ya hewa, pumzi inapiga mluzi. Mgonjwa wa aina hii ndiye anayefikishwa hospitali ya saratani ya Ocean Road amebebwa, na matumaini yake yameshapungua kabla hajakatwa kitu. Kinyama kinachopelekwa maabara hakileti ugonjwa, kinautaja jina. Bila jina hilo hakuna daktari wa kumwashia mionzi.

Nakubali, kisu kina gharama. Tangu Theodor Billroth alipoondoa zoloto (kisanduku cha sauti) lenye saratani kule Vienna mwaka 1873, anayeondolewa zoloto zima hupumulia tundu la shingoni na hujifunza kusema upya. Mionzi nayo hukausha mate na kuharibu meno. Lakini anayewahi mara nyingi huepuka upasuaji huo mkubwa. (Na madaktari wanaokata bila kueleza, wakamwacha mgonjwa wiki nzima bila neno, wasishangae ndugu wakijitungia majibu.)

Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, hasa kwa mvuta sigara au mnywaji, koo lichunguzwe kwa kamera. Na shemeji anayesema "tusimguse kwanza" ajibu swali moja: uvimbe wa shingoni, uliokuwapo kabla ya hospitali, ulisambazwa na kisu kipi?