Mkongo upo barabarani, Same tunauziwa intaneti kwa kijiko

MWENYE intaneti ya waya nyumbani analia kwamba inatembea kama kobe. Mwenye kifurushi cha simu analia kwamba MB zinayeyuka kama barafu juani. Wote wawili wanaishi Same, wote wanalipa, na wote wanaambiwa kwenye hotuba za wakubwa kwamba nchi imeingia katika uchumi wa kidijitali. Sisi tunauliza: umeingia kwa mlango upi, na Same umepita saa ngapi?

Ushauri unaotolewa vijiweni siku hizi ni mmoja. Achana na waya, nunua laini ya simu, washa hotispoti, maisha yaendelee. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na kwa kuwa fedha inayozungumzwa hapa ni ya mlalahoi, hebu tuuchambue.

Waya wa simu wa shaba una tabia yake. Kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha simu ndivyo kasi inavyopungua, na kiungo kimoja kikiingia maji kinatosha kukuharibia wiki nzima. Lakini waya wa kulipia kwa mwezi, usio na kikomo, una sifa ambayo bando halina. Laini ya megabiti 4 kwa sekunde, ambayo kijana wa mjini anaicheka, ikifanya kazi saa 24 inaweza kupitisha kama GB 43 kwa siku. Chukua sasa simu yenye kasi ya megabiti 10. Ukiiachia ikimbie, GB 1 inakwisha kabla ya robo saa. Hiyo ni bodaboda yenye mwendo mkali na tangi la nusu lita! Mechi ya Simba na Yanga ya dakika 90, kwa picha ya kawaida inayovuta megabiti 2 kwa sekunde, inakula zaidi ya GB 1, na hapo hatujahesabu mapumziko wala mabishano ya baada ya mechi.

Kwa hiyo anayesema simu ni mbadala aulizwe: mbadala wa nini? Kutuma maombi ya kazi Ajira Portal, kujaza fomu ya mkopo wa HESLB, kutazama matokeo ya NECTA, simu inatosha kabisa. Lakini nyumba yenye wanafunzi watatu na kaka mmoja anayejifunza kompyuta kwa video, hesabu inakataa. Na Mpare, kama watani zake wanavyosema, hesabu haimpigi chenga.

Sasa mitandao yenyewe. Vodacom ilianza kazi nchini mwaka 2000 na ndiyo iliyotangulia kuwasha 5G, Septemba 2022. Halotel ya Wavietnam ilikuja mwaka 2015 ikitamba kwamba itafika vijijini. Celtel ya mwaka 2001 ikawa Zain, ikawa Airtel. Mobitel ya mwaka 1994 ikawa Tigo, na Novemba 2024 ikavaa jina la Yas. TTCL ni mtoto wa lile Shirika la Posta na Simu la zamani. Majina yanabadilishwa kama kanga. Mteja anabaki na swali lile lile: nani anashika hapa?

Jibu la haki ni kwamba Upareni anayeamua ni mlima. Same mjini ipo uwandani, kando ya barabara kuu. Nyuma yake umesimama ukuta wa Pare Kusini mpaka kilele cha Shengena, mita 2,462 hivi. Mawimbi ya simu hayapandi mlima na kushuka upande wa pili kama mbuzi. Masafa ya chini, kama yale ya megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na kupenya kuta. Masafa ya juu hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka haraka. Ndiyo maana 5G inanoga kwenye mabango ya Dar es Salaam, na mtu wa Mbaga au Vudee anahitaji 4G ya masafa ya chini na mnara anaouona kwa macho. Mtandao unaotamba stendi ya Same unaweza kuwa bubu Gonja. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba akitaka kujua bei ya sokoni kabla dalali hajafika, anapanda kwenye kilima kutafuta vistari viwili vya mtandao. Dalali amekwisha kuiona bei hiyo akiwa mjini. Hapo ndipo mtandao unapogeuka kuwa fedha inayotoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Anayetaka kununua ruta asidanganywe na tangazo. Aazime laini za jirani zake, azipime chumbani mwake saa 2 usiku, si alfajiri. Mnara ni bomba la mtaa: wakifungua wengi, maji yanapungua kwa wote. Na akiona amechezewa, tangu mwaka 2017 sheria inamruhusu kuhama mtandao na namba yake.

Lakini kuhama nako kuna mwisho wake. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na wateja wa mitandao mbalimbali wakalia kwa pamoja. Tukajua kwamba maduka ni mengi lakini ghala ni moja.

Na ghala hilo ni la nani? Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliojengwa kuanzia mwaka 2009 kwa mkopo wa China ambao Watanzania wote tunaulipa, unakwenda Tanga na Moshi. Hauwezi kuikwepa Same. TTCL ni ya Serikali. Airtel Tanzania, tangu makubaliano ya mwaka 2019, asilimia 49 ni ya Serikali. TCRA, refa wa mchezo, ni ya Serikali. Mwenye mpira, mwenye uwanja na mwenye filimbi ni mtu mmoja, kisha tunaambiwa hili ni soko huria. Huo ni usanii.

Refa huyo filimbi anaijua, akitaka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa kimya kwa siku kadhaa. Kijana aliyenunua bando la wiki siku ya jana yake, siku zake zilihesabiwaje? Mbona mamlaka inayoweza kuzima nchi kwa saa moja inachukua miaka kuwasha kata moja ya mlimani?

Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Mei 2023 ilisainiwa kwa mbwembwe mikataba ya minara 758 nchi nzima. Tunataka orodha. Mingapi ni ya wilaya ya Same, mingapi inawaka, na inawaka kwa kizazi gani, maana mnara wa 2G ni wa kusalimiana tu.

Wapare hawajaanza leo kudai mahesabu. Mwaka 1945 maelfu walishuka kutoka milimani wakakaa Same kupinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa kwa namna wasiyoielewa, na Mwingereza mwishowe akaiacha mbiru yake. Bando la leo linakadiriwa vivyo hivyo: limeandikwa bei na siku za kufa, halikuandikwa kasi.

Tunadai kila bando na kila ruta viuzwe vikiwa na kasi ya chini iliyoandikwa, MB zilizolipiwa zisife usiku wa manane, na TCRA ipime ubora kata kwa kata na kuyabandika matokeo kwenye ofisi ya kata. Same ina majimbo mawili, Mashariki na Magharibi, na wabunge wote wawili wana simu. Waanze na orodha ya minara, kikao kijacho cha Bunge.