*HAGOMBEI, LAKINI ANAAMUA NANI AGOMBEE*

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE, TAWI LA KIOMBOI*



Tangu kikao cha Jumapili kundi letu halijatulia. Mwenzetu mmoja aliweka humu video ya Marekani: mgombea wa nafasi ya mwendesha mashtaka wa wilaya anazunguka akiomba kura. Akauliza, mbona sisi hatumchagui wa kwetu? Mwenzetu mwingine akamjibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa wa Dodoma, sisi tuna alizeti shambani na mvua haisubiri. Uongozi wa tawi hauwezi kukaa kimya. Wote wawili tunawaheshimu, na wote wawili tunawapinga.

*1. KWA ANAYESEMA HAYATUHUSU*

Ndugu, Ibara ya 59B ya Katiba inampa Mkurugenzi wa Mashtaka, huyu tunayemwita DPP, mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote ya jinai nchini. Mawakili wa Serikali wanaosimama mahakamani hapa Kiomboi wanafanya kazi kwa niaba yake. Akitaka kesi iende, inaenda. Akisema haina nia ya kuendelea, inafutwa, na sheria haimlazimishi kumweleza mwananchi sababu. Tena kufutwa huko peke yake si kinga ya kutoshtakiwa upya kwa jambo lile lile.

Sasa angalieni mamlaka hayo yanavyokutana na uchaguzi.

Julai 2021 Freeman Mbowe alikamatwa Mwanza, wakati chama chake kikiandaa kongamano la Katiba Mpya. Akashtakiwa kwa ugaidi, kosa lisilo na dhamana. Machi 4, 2022 DPP akaifuta kesi. Miezi zaidi ya saba mahabusu, halafu "hatuna nia ya kuendelea". Nani alijibu kwa miezi hiyo? Hakuna.

Aprili 9, 2025 Tundu Lissu, mwana wa mkoa wetu huu wa Singida, alikamatwa Mbinga. Kesho yake akasomewa shtaka la uhaini, nalo halina dhamana. Siku mbili baadaye Tume ikatangaza kuwa chama chake hakitashiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Oktoba 29, 2025 watu wakapiga kura, yeye bado yuko ndani. Sisi hatuiambii mahakama iamue nini. Tunasema hivi: palipo na kosa lisilo na dhamana, shtaka peke yake linatosha kumtoa mtu kwenye kampeni kabla hakimu hajapima chochote. Anayeshika kalamu ya kuandika shtaka hilo jina lake haliko kwenye karatasi ya kura, lakini anaweza kuamua majina gani yawepo.

Baada ya uchaguzi vijana wengi walifunguliwa kesi za uhaini. Novemba 14, akifungua Bunge, Rais aliwataka wahusika wa mashtaka wawaangalie kwa huruma vijana waliofuata mkumbo. Siku zilizofuata wengi wakafutiwa kesi. Tulishukuru kila mama aliyempata mwanawe. Lakini tujiulize kama watu wazima. Ibara hiyo hiyo ya 59B inasema DPP atakuwa huru na hataingiliwa na mtu yeyote au mamlaka yoyote. Kama kesi zilikuwa na ushahidi, kwa nini zifutwe baada ya hotuba? Kama hazikuwa nao, kwa nini zilifunguliwa? Bomba linalofunguliwa kwa neno la mtu mmoja hufungwa pia kwa neno lake.

Mkulima wa Ndago au Ulemo asiseme hayamhusu. Mwanawe akikamatwa siku ya kura, atakayeamua kama ni fujo au uhaini ni ofisi hiyo.

*2. KWA ANAYESEMA TUMCHAGUE KWA KURA*

Tunaielewa hamu yako: umechoka na mtu asiyekujibu. Lakini fikiria kura hiyo ikipigwa hapa kwetu, kwa taratibu hizi hizi.

Tulipiga kura za mitaa, vijiji na vitongoji Novemba 27, 2024. Matokeo yaliyotangazwa yaliipa chama tawala zaidi ya asilimia 98 ya nafasi katika ngazi zote tatu. Wagombea wetu wengi hawakufika hata siku ya kura, fomu zilikuwa zimeenguliwa. Kwa uchaguzi wa namna hiyo utampata mwendesha mashtaka gani? Utampata wa kupita bila kupingwa, mwenye kofia na kitenge cha chama, anayekuambia wananchi ndio wamemtuma. Leo tukimhoji anaonyesha barua ya uteuzi. Siku hiyo ataonyesha kura zetu wenyewe.

Na hata Marekani, kura haijawapa malaika. Mgombea anahitaji fedha za kampeni, na mwenye fedha ana kesi zake. Anahitaji kelele, na njia rahisi ya kupata kelele ni kuahidi kufunga watu wengi zaidi. Mtuhumiwa anahitaji mtu anayepima ushahidi kwa utulivu. Hahitaji anayehesabu kura za mkutano wa hadhara.

*3. TUNACHODAI*

Tofautisheni kuchagua na kuwajibisha. Jaji hatumchagui, lakini hukumu yake anaisoma hadharani pamoja na sababu, na rufaa ipo. DPP wetu huteuliwa na Rais, Katiba haimpeleki bungeni kuthibitishwa, wala haimwekei kipindi cha kazi. Akimaliza, uteuzi unaofuata unatoka kwa mkono ule ule: mwaka 2021 aliyekuwa DPP, Biswalo Mganga, aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Hatumtuhumu kwa kuteuliwa. Tunaulaumu utaratibu unaomfanya mwendesha mashtaka yeyote awe na cha kutarajia kwa mteuzi wake.

Majirani zetu Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, DPP huteuliwa kwa idhini ya Bunge la Taifa, kipindi kimoja cha miaka 8, na hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Tusidanganyane kwamba dawa hiyo inaponya kila kitu. Kesi ya rushwa ya Rigathi Gachagua iliondolewa Novemba 2022, yapata miezi miwili baada ya kuapishwa kuwa Naibu Rais. Lakini kule mwendesha mashtaka alilazimika kwenda mbele ya hakimu kuomba, na nchi nzima ikasikia. Hapa anatamka tu.

Kwa hiyo msimamo wa tawi, tutakaoupeleka ngazi ya wilaya, ni huu:

▪️ DPP athibitishwe na Bunge baada ya usaili wa wazi.
▪️ Awe na kipindi kimoja kinachojulikana, asiondolewe ovyo, na asipewe uteuzi mwingine kwa miaka kadhaa baada ya kumaliza.
▪️ Kufuta kesi kuwe kwa ruhusa ya mahakama, na sababu ziandikwe.
▪️ Kesi ya mgombea au kiongozi wa chama chochote, kikiwemo chama tawala, isifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, na suala la dhamana aliamue hakimu.

Hilo la mwisho si ndoto. Zamani DPP aliweza kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Mwananchi mmoja, Jeremia Mtobesya, alikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2015, na Mahakama ya Rufani ikasimamia hapo hapo mwaka 2018. Mtu mmoja na kesi moja walitosha.

*4. KWA MBUNGE WETU*

Iramba haina kisingizio cha kusema sauti haifiki. Mbunge wetu, Ndugu Mwigulu Nchemba, ndiye Waziri Mkuu. Amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na amewahi kuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Polisi anawajua na ofisi ya mashtaka anaijua. Akija Kiomboi tusimuulize barabara na maji peke yake. Tumuulize kwa heshima, mbele ya watu: je, unakubali DPP athibitishwe na Bunge, ndiyo au hapana? Akijibu ndiyo tutampigia makofi, chama chake kisitusumbue. Akijibu hapana, atueleze sababu.

*5. NA SISI JE?*

Hapa wengine mtanuna, lakini lisemwe. Kamati yetu ya maadili ya tawi inapokea malalamiko, inachunguza, inashtaki, na watu wale wale wanakaa kuhukumu. Wapo wanachama waliosimamishwa kwa ujumbe wa simu bila kuitwa kujieleza, na mmoja wao alikuwa ametangaza nia ya kugombea uongozi wa tawi. Tofauti yetu na tunaowalaumu iko wapi? Nyani haoni kundule.

Kuanzia sasa, hadi uchaguzi wa tawi upite:

1. Anayelalamika hakai kwenye kikao cha kuamua.
2. Mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi na siku saba za kujibu.
3. Hakuna mgombea atakayeenguliwa bila sababu kuandikwa na kusomwa mbele ya wanachama.
4. Waliosimamishwa bila kusikilizwa waitwe upya. Tulikosea, tunawaomba radhi.

*6. MAELEKEZO*

Kesi zinazogusa wananchi wa hapa zikitajwa, twende mahakamani. Mahakama ni ya wazi. Tuvae nadhifu, tuzime simu, tukae kimya, tuandike: tarehe, shtaka, kesi imeahirishwa mara ngapi na kwa sababu gani. Katibu atakuwa na daftari moja la tawi. Ni marufuku kumtukana wakili wa Serikali au hakimu, kuweka picha au namba yake humu, au kumfuata nyumbani kwake. Atakayefanya hivyo ataitwa kwenye kamati, na ataitwa kwa utaratibu mpya tuliousema.

Alizeti itavunwa, ndugu zetu. Lakini anayevuna lazima awe huru kurudi nyumbani jioni.

Haki kwa wote, na sisi tukiwemo.

_Imetolewa na Idara ya Uenezi, Tawi la Kiomboi. Sambaza kwa wanachama wa tawi. Mwenye hoja tofauti aje nayo kwenye kikao, atapewa nafasi ya kwanza kusema._